Ahadi ya Miaka Mitatu

Kisanduku kina taa mbili, moja imekufa.
Nimekifungua juu ya meza ya jikoni, Porto Alegre,
mvua ikipiga bati la jirani,
chai ya mate ikipoa kibuyuni.

Ndani mna programu niijuayo tangu uchanga wake:
huria, ya watu, kila mstari una mkono wa mtu.
Kampuni iliichukua bila kulipa (ruhusa ipo),
ikaitia viraka, ikaishonea nembo kifuani,
ikaiuza.
Halali mpaka hapo. Sina ugomvi.

Swali langu ni dogo.
Shule ya Restinga ina visanduku arobaini, hiki kikiwemo,
vyote bubu tangu maji yalipoingia madarasani.
Nikiirekebisha programu hii, nikainakili, nikaigawa,
nimegawa cha wote
au nimeiba cha mtu?

Wakili Evilásio hakunijibu. Aliniuliza:
"Kiraka na kitambaa vimeshonwa, au vimelazwa pamoja tu?
Maana ndoa ina urithi, ujirani hauna."
Nikasema vinaitana kwa majina usiku kucha,
kimoja kikinyamaza kingine kinaanguka.
"Basi pengine ni ndoa," akasema.
Lile *pengine* alilitoza reali mia mbili.

Na nembo?
"Ing'oe. Leseni imekupa nguo, haikukupa jina."
Nikaing'oa. Pakabaki mraba mweupe
kama ukutani palipokuwa na picha ya marehemu.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari la hii lilikuwa chini ya sponji ya boksi:
karatasi iliyokunjwa mara nne, herufi ndogo kama chawa.
*Atakayetaka msimbo na auombe, ndani ya miaka mitatu.*
Nikahesabu kwa vidole. Zilibaki siku tisa.
Posta, Dona Zulmira akaniuliza thamani ya kilichomo.
Ombi, nikamwambia.
Akaandika sifuri.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili: faili elfu sita na ushei,
"kwa kutimiza wajibu wetu."
Nikazipika usiku kucha. Hazikuiva.
Inakosekana moja, ile inayoiamsha redio;
wameacha jina lake, ndani tupu,
bahasha yenye stempu, barua imesahauliwa.

Aliyetoa nyumba akabaki na ufunguo,
ametoa?
Evilásio anasema inategemea hakimu,
na hakimu anategemea jiji,
na simu hii pia ataitoza.

Jana Valdirene wa shuleni alipiga. Hakusema neno la sheria.
Alisema tu watoto wanauliza.

Nimeandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza:
*Ile moja.*
Visanduku thelathini na tisa vimepangwa kwenye korido yangu.
Usiku nikiamka kwenda kunywa maji
navipita pekupeku, nikipapasa ukuta,
nisikanyage cha mtu.