Milio Mitatu

Imelia tena: ti, ti, ti.
Halafu kimya. Kioo cheusi, na ndani ya kioo
uso wangu na kilemba cha kulalia,
kama mtu aliyekuja kudai deni.

Jumamosi, saa nne usiku, Umoja Two.
Kesho saa nane chama kinakutana kwa Mama Achesa,
na mimi ndimi mweka hazina,
na kila shilingi ya kila mama, kila faini ya kuchelewa,
imo humu, katika sanduku hili la kijivu
nililolinunua Luthuli likiwa limeshazeeka.

Mweka hazina aliyenitangulia alisema daftari limeliwa na panya.
Tulimtazama tu. Hakuna aliyeuliza ukubwa wa panya.
Alihamia Ruai kabla ya Pasaka.
Sasa mimi niende niseme nini? Kompyuta imekataa kuwaka?
Nakisikia tayari kikohozi cha Bi Mwongeli,
kile kisicho na mafua.

Basi nikaanza na yale ya wasiojua.
Nikachomoa waya, nikachomeka.
Nikahamia soketi ya pasi, kisha ya redio.
Nikaipiga kofi ubavuni,
kofi la mama, si la adui.
Nikaomba.
Ti, ti, ti.

Kerubo akatoka chumbani, blanketi mabegani.
"Mama, hiyo haipigi kelele tu. Inahesabu.
Tatu ni kumbukumbu."
Kidato cha pili, huyu,
na kila siku ya Mungu husahau kuzima taa ya choo.

Akaniambia nichomoe waya, nibonyeze kitufe nikishikilie
hadi thelathini, umeme uliojificha utoke.
Nikahesabu kama ninavyohesabu noti, nikilamba kidole.
Bisibisi hatuna. Kisu cha siagi kikaweza skrubu tatu;
ya nne ikagoma, tukalikunja bati kando kama ukurasa.

Jamani, ndani!
Vumbi la Mutindwa lote, la miaka yote,
limeilalia feni kama sufi,
na mende mmoja mkavu, miguu juu,
aliyekufa akitafuta joto.
Na nyumba hii naifagia mara mbili kwa siku.

Kerubo akaibana simu kidevuni, tochi ikimulika,
akafungua vibano, tak, tak,
akatoa kijiti chembamba cha kijani,
meno yake ya dhahabu yamefifia.
Urefu wa kidole changu cha kati.
"Wanawake wangu ishirini na wawili wote wamo humu?"
"Hapana, Mama. Hao wako kwenye diski.
Hiki hukumbuka kikiwa macho tu. Kikilala, kinasahau yote."
Nikawakumbuka watu wawili watatu wa namna hiyo, nikanyamaza.

Akakisugua kwa kifutio cha mkebe wa hesabu,
chenye alama za meno yake ya darasa la tano,
taratibu, upande huu, upande ule,
akapuliza.
Nami nikapuliza, sijui kwa nini.
Akakirudisha hadi kikasema tak.

Mlio mmoja.
Kisha feni, kisha maandishi meupe,
kisha ikatuambia, bila haya,
kwamba leo ni tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa.
"Betri ya saa imekufa," akasema Kerubo. "Si kitu."
Si kitu. Januari hiyo nilikuwa nimembeba tumboni
na sijamwambia mtu.
Nikabonyeza: endelea.

Hesabu zimo. Laki moja na themanini na nne elfu, mia tatu hamsini.
Faini za Bi Mwongeli, nne, hajalipa hata moja.
Nikachukua daftari la Jiografia, nikalifungua nyuma kabisa,
nikaanza kunakili kwa kalamu, jina kwa jina,
naye akalala kochini mdomo wazi,
kifutio mkononi.

Sasa ni saa saba. Kuizima sithubutu.
Mita ya stima imebakiza uniti moja nukta mbili,
taa yake nyekundu inapepesa.
Jina la kumi na tisa. Feni inavuma.
Andika, mama. Andika.