Kopo Halina Miguu

Elisaria ametuma kopo kwa basi la Dodoma:
vidonge sitini, chai ya kijani iliyosagwa
ikafungiwa kwenye maganda laini.
"Meza, mama. Moyo utapata nafuu."

Nimemeza. Kidonge hakina mvuke, hakina harufu,
hakimwiti jirani barazani.
Chai gani hii, ya kumeza wima, peke yako?

Nesi Ndeshi alinizungushia utepe kiunoni,
ukaishia njiani. Akaunga wa pili, kwa adabu,
akitazama dirishani.
"Sikukatazi kopo," akasema. "Ila kopo halina miguu."

Basi saa kumi na moja alfajiri niko relini,
Pasua kwenda Njoro, taruma kwa taruma,
raba za marehemu miguuni, namba arobaini na tatu,
nimezishindilia soksi mbele.
Vijana wa maziwa wanapiga kengele za baiskeli:
"Mama mkubwa, nani anakufukuza?"

Nawaambia: kiti.
Kile cha mninga, kando ya redio,
alichokalia Aminiel, miaka hamsini na miwili,
mtori bado wa moto, kijiko mkononi,
nami jikoni nikimuuliza kama chumvi imekolea.

Kwenye kalavati nakaa, kidole shingoni, nahesabu.
Wewe wa ndani, leo umepiga mia na kumi
ukashuka taratibu,
kama mtu akiteremka Kibosho na mkungu kichwani.
Sijui ni kidonge, sijui ni taruma.

Jioni nimempigia Elisaria:
mwanangu, asante kwa kopo.
Safari ijayo tuma raba. Thelathini na tisa.