Matabishi

Mizani mimi naijua.
Miaka sita nauza sambaza soko la Kadutu,
na kabla sijapata mizani nilipimia kigozi,
lile kopo la maziwa ya watoto
ambalo watoto wetu hawajayaonja maziwa yake.
Kigozi unakibonyeza kitako,
kinaingia ndani kidogo, samaki wanapungua,
mteja anaona kimejaa pomoni, anashukuru, anakwenda.
Kwenye mizani ni dole gumba. Hilo tu,
ukingoni mwa sahani, kama limejisahau.

Basi Jumanne ile, kituo cha afya cha Cimpunda,
walipomvika Ashuza kaptula ya turubai
wakamtundika kwenye ndoano,
sikumtazama yeye. Niliutazama mshale.
Ukayumba, ukatulia: nane na nusu.
Nikawageukia wanawake wa kwenye benchi.
Mashavu si mnayaona?
Miguu si mnaiona ilivyojaa?
Mama mkwe anasema amenenepa tangu nimwachishe,
maana mwezi wa nne huu yupo mwingine tumboni,
na titi la mwenye mimba, wanasema, ni sumu.

Nesi Faida hakujibu.
Alipiga goti kwenye saruji, juu ya matope ya viatu vyetu,
akashika mguu wa mwanangu,
akaweka dole gumba lake juu ya wayo,
akabonyeza, akahesabu kimyakimya,
akaliondoa.

Shimo likabaki.

Shimo la dole katika mwili wa mtoto,
kama kwenye ugali uliopoa.
"Ni maji, mama. Si nyama.
Maji ndiyo yanabonyeza mizani."

Bwaki. Alilitamka polepole
lakini benchi zima lilisikia.
Nikatafuta mahali pa kuficha mikono yangu.

Tulilala pale siku kumi na moja.
Maziwa kwa kikombe kila baada ya saa tatu, hata usiku,
huku mvua ikila njia ya mteremko
na jirani yangu wa kitanda, Mama Nsimire,
akihesabu kwa sauti mabati ya kwao yatakayokuwa yameondoka.
Na mimi nikapimwa: damu, mkono, tumbo.
Nikapewa vidonge vya chuma, kimoja kila jioni.
Titi halikuwa sumu, Faida aliniambia,
ningemwachia tu anyonye.
Aliniambia bila ukali, ndiyo maana liliniuma.
Akaniambia pia: hizo sambaza zako,
zikaushe, zitwange, umtilie kwenye uji.
Sambaza! Miaka sita naamka saa tisa usiku
kuwapokea kutoka ziwani,
dawa imejaa karai langu
na mimi nawapunja watu dawa.

Siku ya tano mizani ilisema saba.
Nililia. Faida akacheka kidogo,
akamgeuza Ashuza nimwone uso:
"Huyu ndiye wako. Yule mwingine alikuwa maji."
Saba. Mifupa, macho,
na hasira; hasira ilikuwa mpya,
zamani hakuwa hata akilia.
Alilipiga kofi sikio langu, nikamshukuru Mungu.

Siku ya kumi na moja: saba na gramu mia moja.
Tukaruhusiwa. Nikapanda ngazi za Kadutu naye mgongoni,
nikipumzika kila hatua ya kumi kwa ajili ya yule wa ndani.

Kesho yake nilikuwa sokoni.
Sisemi uongo: dole linajua njia.
Lilifika ukingoni mwa sahani lenyewe,
nikaliondoa, likarudi.
Kodi ya kibanda haijui habari za bwaki.
Mwanamke mmoja akalipa, akafunga mfuko,
lakini hakuondoka.
"Na matabishi yangu?"

Nikachota kiganja cha sambaza, nikakishika hewani.
Gramu mia moja, bila mizani najua.
Ndizo zilizomwongezeka mwanangu
kwa usiku wote ule, vikombe vyote vile.
Zilikuwa zinang'aa. Nyepesi mno.

"Mama, unanipa ao hunipi?"

Nikampa.