Daftari la Vipimo

Msimu wa kura za maoni, Mburahati,
cherehani yangu hailali.
Kijana wake kaja na kitambaa:
"Fundi Mwinshehe, mzee anautaka urais.
Suti iwe ya kuapia."

Nafungua daftari. Yumo,
kwa mwandiko wa marehemu baba:
diwani, kiuno thelathini na moja.
Mbunge, thelathini na sita.
Waziri (hapa baba kaweka alama ya kuuliza)
arobaini na nne.

Mfereji mbele ya kibanda
sina haja ya kuupima.
Tangu kiuno kile cha kwanza uko wazi vilevile;
juzi umemeza kiatu cha mtoto wa Sikudhani,
kimoja, cha shule.

Wajumbe wanapita na bahasha zao,
wanacheka kicheko cha walioalikwa.
Kadi ninayo, mwaka wa kumi na tisa huu,
nalipia.
Ila wao ndio humchagua nitakayemchagua.

"Acha nafasi ya kutanua," kijana ananong'ona,
"Ikulu wanakula."

Nimeitikia. Nikachora kwa chaki, nikakata.
Kiuno: thelathini na moja.
Kamili.
Avae akiweza.