Lugha ya Kambini

Daktari aliiegemeza picha dirishani, Lira, asubuhi ya mvua,
akagusa kwa kifuniko cha kalamu:
hapa, kushoto, juu kidogo ya sikio,
damu ilikatika.
Doa lenyewe si kubwa kuliko haragwe.

Nikauliza, humo ndimo kilimokaa Kilango?
Neno likaniponyoka na maana mbili,
kwa kuwa kilango ni mlango mdogo pia,
na ndio uliokomewa.
Ubongo si nyumba ya kupanga, akasema,
kila lugha na chumba chake.
Ila wakati mwingine moja hutangulia kurudi,
na hatuchagui ipi.

Baba alirudiwa na Kiswahili.
Sajini Okwir, miaka ishirini na miwili ya bwalo na gwaride,
aliyekuwa akikivua kizingitini pamoja na buti
kwa sababu mama hakutaka kukisikia ndani.
Siku ya tisa akasema, "Leta maji,"
na kikombe kikamtoka mama mkononi
kabla hajajua kimemtoka.

Kuna punje ndani kabisa, umbo la lozi, haisomi kalenda.
Kwake bado ni usiku ule, mwaka ule,
kitako cha bunduki kikigonga bati la mlango:
Fungua!

Kuhesabu hajapoteza. Moja, mbili, moja, mbili,
mguu wa kulia ukiburuzwa hadi chooni.
Matusi nayo yamebaki, yote, na yamenyooka;
daktari anasema huenda hayo hulala upande wa pili.
Jina la mama ndilo halipatikani.
Analitafuta, jasho linamtiririka, kisha anamwita "Afande,"
na mama, Alobo, binti wa mchungaji,
aliyeapa hataitikia neno la kambini,
anaitika.

Juzi aliniita jikoni, ameshika daftari langu la shule.
Niandikie mto.
Niandikie umelalaje.
Niandikie yale ya kumlisha mtu.

Usiku nikawasikia ng'ambo ya ukuta.
Uji wa mtama. Kijiko kinagonga meno
maana mkono wa mama unatetemeka;
lozi haijaambiwa kitu.
"Fungua," anasema.
Kimya.
"Fungua mdomo."