Nipo, Niko, Nimo

Simu imetetemeka mfukoni mwa koti:
Uko karibu na duka la donati, Mtaa wa Merrimack.
Waambie marafiki zako kwamba upo hapa.

Hapa wapi? Nimesimama tu
nangoja basi, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri,
theluji imenifika vifundoni
na viatu vya kazi nimevibeba kwenye mfuko wa plastiki.
Hilo nalo ni la kutangaza?

Mghoi alitangaza, mwaka ule kitu hiki kilipoanza.
Alibonyeza kila alipokanyaga:
benki, kanisani, kwa msusi,
kwenye mashine za kufulia, zile za sarafu,
hadi simu ikamtawaza meya wa mashine hizo.
Tukamsumbua wiki nzima:
Mheshimiwa, sabuni imepanda, serikali yako inasemaje?
Akaja kijana wa Kikambodia mwenye nguo nyingi kumshinda,
umeya ukahama.

Bado hakukoma. Alikoma Jumamosi moja, mchana,
mezani pa kaa na siagi,
sherehe ya mwingine, bili ya mwingine.
Akabonyeza. Kaa hajapoa,
Voi wameshaona:
binamu watatu, na mmoja ameandika neno moja tu,
Kumbe.
Kumbe hiyo ilimgharimu dola mia mbili.

Mimi sijabonyeza hata mara moja.
Darlene wa zamu anaamini nilikuwa kitandani na homa
siku niliyokwenda Boston kumlaki mdogo wangu.
Mwenye nyumba anaamini tunalala wawili.
Kazi ya kwanza haiijui kazi ya pili.
Na mwizi naye ana simu, tena nzuri kuliko yangu.

Nasikia waliokiunda wanakuna vichwa:
mbona watu wazito hivi?
Wangeniuliza, wala nisingewatajia mwizi.
Ningewapa sarufi.

Kwetu mahali ni patatu.
Nipo: padogo, pa kuwekea kidole.
Niko: huko, kusiko na ua wala kona,
niko njiani, niko mbioni, niko hivi hivi.
Nimo: ndani, ambamo mtu hatoki kwa kufungua mlango.
Ramani yao imejifunza kimoja, ikadhani imehitimu.

Nukta ya buluu inasema nipo Lowell.
Kweli, nipo.
Lakini niko Voi, kwenye benchi la hospitali,
nimeshika kadi ya mama, namba sabini na mbili,
daktari ametoka kula.
Na nimo, bado nimo,
chumba cha kumi na nne, kwa Mzee Gagnon.

Alifuma vitambaa miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda kile kule ng'ambo ya mfereji.
Siku hizi kiwanda ni nyumba za kupanga, ghali.
Kila usiku, saa tisa, huamka aniulize:
Niko wapi?
Mguuni amevalishwa bangili; akivuka kizingiti king'ora hulia.
Mashine inajua alipo, hatua kwa hatua.
Asiyejua ni mwenye mguu.

Zamani nilimtajia jina la jengo, na mtaa, na mji.
Alilia.
Sasa namjibu kwa Kiswahili,
Upo nami, lala,
na hulala, wallahi, kama aliyeelewa.

Simu tena. Waambie marafiki zako.
Naifukuza kwa kidole gumba, kidole chenyewe kimekufa ganzi.
Chini yake kuna ujumbe wa mama, kutoka benchini:
Umefika?

Miaka tisa, kila asubuhi yangu, mchana wake.
Hajawahi kuuliza wapi.

Naandika: Nimefika.
Basi halijaonekana hata taa.