Kisigino cha Kushoto

Mimi ni mbeba ndoo.
Kwenye kona ya buluu napeleka maji, barafu, kigoda
na kitambaa cha kufuta damu isiyo yangu,
kwa hiyo niliona kwa karibu kuliko majaji.

Kengele ililia, Momose akasimama
jinsi tulivyofundishwa sote kule Kurayoshi,
juu ya duka la kukoboa mpunga,
ambako pumba hupenya mbao za sakafu
na ukipiga magoti unainuka na magoti ya dhahabu:
ubavu mbele, ngumi moja nyongani,
mgongo wima kama mtu anayepimwa kimo.

Mgongo mzuri. Hata mtangazaji alisema.
Kisha kijana wa Osaka, nywele rangi ya karoti,
ambaye alijifunza vitu vinne tu
lakini kila siku, na watu wanaokataa,
akampiga teke kwenye shavu la mguu.
Tena.
Tena palepale, kama fundi asiyebadili msumari.

Watu wanaokataa!
Kwetu nikikushika mkono hivi, wewe huanguka vile.
Umekubali kabla sijakugusa.
Miaka kumi na sita nimemwangusha Momose
naye ameniangusha,
na hakuna hata siku moja mmoja wetu aliyesema: sianguki.
Adabu ile tuliiita ustadi.

Nusu ya kata zetu zilitungwa
kwa ajili ya mtu aliyekalia visigino vyake, upanga kiunoni,
adui akimjia kutoka kulia
na vazi lenye mikono mipana, ya kushikika.
Ulingoni hakuna anayeketi sakafuni ila aliyeangushwa.
Adui hana mikono ya nguo. Ana jasho,
ana mafuta ya mgando kwenye nyusi,
na anatoka kona nyekundu, kwa muziki.

Lakini mpe huyo wa karoti upanga,
mpe giza, mpe ngazi yenye utelezi,
mwondolee refa wa kusema basi...
Ndivyo tunavyojiambia
kwenye treni ya saa tano usiku.
Hakuna aliyewahi kutuletea hiyo ngazi.

Mara moja tu, raundi ya pili,
kijana alikanyaga kwa pupa,
unyayo haujapokea uzito bado,
na mguu wa Momose ukapita chini yake, mwepesi,
kama ufagio unaokusanya pumba.
Kijana akawa hewani
na uso wa mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo.
Ukumbi mzima, kimya.
Kisha akainuka, akaendelea na msumari wake.

Wanasema mwacha asili ni mtumwa.
Aliyeishika asili, usiku ule,
alishuka stesheni akichechemea, mkono shingoni mwangu,
tukahesabu ngazi: thelathini na moja.

Bi Inamura hakuja. Alitazama kwenye simu ya mjukuu wake
iliyoegemezwa kwenye chupa ya mchuzi wa soya.
Asubuhi hakuuliza panauma wapi.
"Kisigino chako cha kushoto kilikuwa juu," akasema,
akarudi kuosha mchele.

Nikakasirika. Kisigino!
Mtu amepigwa mateke ishirini na mbili, nimeyahesabu,
na yeye anazungumzia kisigino.
Nikaitafuta video, nikairudisha, nikaisimamisha,
pua ikikaribia kugusa kioo.
Kilikuwa juu. Upana wa punje mbili.
Hata cha yule kijana kilikuwa juu.

Momose ameomba likizo kiwandani.
Anakwenda Osaka wiki mbili,
kuwalipa watu wamkatalie.
Nilimsaidia kufunga begi: glavu mpya,
bandeji, kinga ya meno,
na chini kabisa lile vazi jeupe, limekunjwa
pindo juu ya pindo, jinsi Bi Inamura anavyotaka.

Sikumuuliza ni la nini.